Nyanya Hutiwa Mwisho

9 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mgongo umekupa nafasi ya kulala. Mimi sijambo. Najua nimekaa kimya tangu ile karatasi ya Desemba, nusu ukurasa, kwamba nimefika. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho tulipiga kelele mpaka majirani wakadhani tunagombana, na bado hukusikia kitu. Bora niandike.

Kazi nimepata, kiwanda cha mashati. Nashona kola. Asubuhi mpaka jioni ni kola tu, shati zima silioni. Mkataji analeta mafungu, kila fungu na vipande vyake, mimi naunganisha na kusukuma mbele. Nimepanga chumba na wenzangu wawili wa humo humo. Mmoja ni mtu mzima, anashona vifungo, kiwanda kizima kinamwita Shangazi. Mwingine ni binti kama mimi, tunamwita Mrefu, maana akisimama mlangoni giza linaingia.

Sasa sikia shida yangu. Chumbani sufuria ni moja. Tunachanga Jumatatu, na kila mtu ana wiki yake ya kupika. Sheria ya Shangazi ni fupi: chakula kishibishe watu watatu, na mchango ufike Jumapili. Asiyeweza atoke kwenye sufuria, ajipikie peke yake. Na kujipikia peke yako hapa ni kufa njaa kwa heshima, maana mshahara wa mmoja hauwezi mkaa na mafuta na chakula vyote pamoja. Wiki yangu inaanza tarehe ishirini na tatu, na mimi hata yai sijui kuchemsha.

Kosa ni lako. Wenzangu wamefundishwa na mama zao. Mimi mama alinitoka nikiwa bado natambaa, na wewe ukanilea kama mwanafunzi wa bweni: sahani inatokea dirishani, imejaa, basi. Nikisogea jikoni unanifukuza na mwiko. Haya, mpishi wa shule, nifundishe maharage. Yawe ya bei ndogo na yakae tumboni.

Mwanao,
Kidomo


15 Februari

Kidomo mama, marahaba.

Barua yako nimeipata Ijumaa. Siku hizi barua zangu zinapitia sanduku la shule, kwa hiyo kila Ijumaa nakwenda kwa karani kuulizia. Safari hii aliniona kwa mbali akasema, "Mzee Upawa, leo umepata." Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma tena nyumbani. Nikampelekea jirani yetu fundi viatu akaisoma naye, akacheka mpaka akajigonga kidole na nyundo.

Mgongo upo, hauna pa kwenda. Masikio ni yale yale. Majiko ya shule yamenguruma humo miaka thelathini na moja.

Unasema nilikufukuza jikoni. Ni kweli. Sufuria zile mtoto angetumbukia tukampika bila kujua, na mimi mtoto nilikuwa naye mmoja.

Tuje kwenye maharage. Taabu yangu ni kwamba hesabu yangu inaanzia gunia. Nimekaa na penseli kugawanya watu mia nne mpaka wakabaki watatu, na nikapata robo ya kitunguu, jambo ambalo haliwezekani. Basi chukua vikombe viwili vya maharage. Yachague vizuri, jiwe halina huruma na jino. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji. Utahitaji kitunguu kimoja, nyanya mbili, kijiko cha mafuta, chumvi. Maji mapya, moto wa wastani, chemsha mpaka yalegee. Ukitaka mchuzi mzito usinunue kitu. Ponda maharage kiasi kwa mgongo wa upawa, yarudishe ndani. Mtu akila hayo mchana, jioni bado anayakumbuka.

Niandikie yametokaje. Usiache kuniandikia.

Baba yako


1 Machi

Shikamoo baba.

Hujambo wewe na mgongo wako? Sisi tu wazima, ingawa njaa ilitutembelea ikakaa.

Maharage yamegoma. Nilichagua, nikaloweka, nikamwaga maji, kila kitu kama ulivyosema. Nikatia nyanya, kitunguu, chumvi, nikaketi kusubiri. Saa ya kwanza magumu. Saa ya pili magumu. Saa ya tatu mkaa wa siku mbili umekwisha, na maharage ukiyatupa ukutani yanakurudia. Mrefu alichukua moja akaliinua juu ya taa, akamuuliza Shangazi kama hili nalo ni la kushonwa kwenye shati. Tukala mkate na chai. Shangazi alitafuna huku ananiangalia, na mkate ule ulikuwa laini, haukuhitaji kutafunwa kiasi kile.

Siku zilizobaki nimeokolewa na viazi vya kuchemsha. Siku sita, baba. Nikifumba macho naona viazi.

Jioni wakati wenzangu wanachambua mboga nakaa pembeni kama mgeni. Mikono yangu inajua kola tu. Nimekosea wapi? Jibu upesi, zamu yangu inarudi tarehe kumi na sita.

Mwanao,
Kidomo


8 Machi

Kidomo mama, marahaba.

Pole sana. Nimecheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, kisha fundi viatu akaja nikamsomea na tukacheka tena. Tusamehe wazee.

Ni nyanya. Nyanya hutiwa mwisho, maharage yakishalegea. Ule uchachu wake ukitangulia, maharage yanajikaza na hapo hata umwite mkuu wa shule hayasikii. Sikukwambia? Basi nilipitiwa. Mimi nyanya nilikuwa natia bila kufikiri, kama unavyofunga vifungo vya shati lako mwenyewe.

Barua yako ilikuwa kurasa mbili safari hii. Nimefurahi. Nimekuona kabisa umekaa pembeni na mdomo umeuvuta. Fundi viatu anauliza huyo Shangazi ana mume au hana.

Zamu ijayo jaribu mchele na kabichi. Shule ikikosa fedha, mkuu alikuwa anapunguza mchele na mimi naongeza kabichi, na watoto hawakuwahi kujua. Mchele vikombe viwili, kabichi nusu likatwe nyembamba, kitunguu, karoti kama ipo. Kaanga kitunguu, kisha kabichi, kisha mchele. Maji pima kama unavyopima kwa mchele siku zote. Funika, moto mdogo. Sufuria inaonekana imejaa, na watu wanaona wameshiba hata kabla hawajaanza.

Nisimulie yote, na huyo Mrefu atakavyosema.

Baba yako


23 Machi

Baba, shikamoo.

Mrefu aliuliza kama chumbani kuna mgonjwa. Ndivyo alivyosema. Maana ule haukuwa wali, ulikuwa uji, tumekunywa kwa kikombe. Nilipima maji kama unavyopima kwa mchele siku zote, neno kwa neno.

Safari hii Shangazi alisema. Alisema, "Mwanangu, mimi sikatai mtu kujifunza, lakini tumbo langu si daftari." Imebaki zamu moja. Nikiiharibu natoka.

Na zamu hiyo ndiyo mbaya. Kuanzia tarehe sita kiwanda kina oda kubwa, tutatoka jioni sana, hakuna wa kuwasha jiko. Shangazi amesema nipike Jumapili sufuria kubwa ya kutufikisha Jumatano. Fedha karibu yote ya wiki itaingia humo. Baba, nakuomba, niambie vizuri. Wewe ndiye ninayekutegemea, sina mwingine wa kumuuliza.

Uko salama lakini?

Kidomo


29 Machi

Kidomo mama, marahaba.

Niko salama. Jirani anakusalimu.

Kabichi lina maji yake mwenyewe. Ukilitia kwenye mchele unapunguza maji, vikombe viwili badala ya vinne. Hilo ndilo lililokuponza.

Kwa sufuria ya siku tatu pika maharage na viazi. Maharage vikombe vitano, viazi kilo mbili, vitunguu vitatu, karoti kadhaa, na nyanya sasa unajua pa kuziweka. Viazi vitie maharage yakiwa nusu kuiva ili visivurugike. Chumvi isizidi, maana kila ukipasha moto maji yanapungua na chumvi inabaki. Pika Jumapili jioni, funika vizuri, weka mahali penye baridi. Kila jioni chota cha siku hiyo, pasha, mle.

Nilivyosoma kwamba hakuna mwingine wa kumuuliza, niliikunja barua nikaiweka mfukoni nikatembea nayo siku nzima. Nakusubiri kwa hamu unisimulie.

Baba yako


14 Aprili

Shikamoo baba. Salamu zangu leo ni fupi.

Jumapili nilipika. Ilikuwa nzuri, nilionja nikataka kulia. Niliifunika ikiwa bado inatoa mvuke, kama ulivyosema funika vizuri, nikaiweka pembeni. Jumatatu jioni harufu haikunipendeza, tukala tukajipa moyo. Jumanne nilipofunua, imechacha, povu juu. Sufuria nzima. Fedha ya wiki tumeimwaga shimoni kwa mikono yetu, watu watatu tumesimama tunaangalia.

Jumatano tulikwenda kazini na chai ya rangi. Alhamisi hivyo hivyo. Alhamisi saa tisa Mrefu alipata kizunguzungu kwenye mashine, sindano ikapita kidoleni ikatokea upande wa pili. Hakupiga hata kelele, aliita tu jina langu. Sasa yuko nyumbani, kidole kimevimba, na siku asizoshona hazilipwi.

Shangazi hakunitukana. Alisema, "Wiki ijayo pika chako peke yako." Angenitukana ningepona haraka.

Jana nilitandaza barua zako tatu kitandani kama mafungu. Kiwandani fungu likija bila kipande, mara ya kwanza tunasema mkataji amechoka. Mara ya pili tunanung'unika. Mara ya tatu tunalirudisha na kumwita msimamizi, kwa sababu huyo hakuchoka, huyo ana lake jambo. Nyanya. Maji ya kabichi. Na hili la mwisho: mama mmoja pale sokoni aliposikia alinishangaa, akasema kila mtu anajua chakula cha moto hakifunikwi, unakiacha kipoe, na kila asubuhi unakichemsha tena. Kila mtu anajua. Mtu aliyelisha watoto mia nne miaka thelathini na moja bila hata mmoja kuumwa tumbo, yeye ndiye hajui?

Una lako jambo, baba?

Mwanao


24 Aprili

Kidomo mama,

Nimesikitika sana kwa kidole cha mwenzako. Kioshwe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na kisiloe maji machafu. Mpe pole zangu.

Mama, uzee. Kichwa hiki si kile. Kuna siku natafuta kofia nikiwa nimeivaa. Nisamehe, na uniandikie mnaendeleaje.

Baba yako


22 Mei

Kidomo,

Sijapata barua. Labda zimekwama njiani. Karani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni, na mimi nageuza kama nilikuwa napita.

Unakula nini?

Baba yako


19 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nazungumza ukweli leo.

Si uzee. Kofia naikuta kila siku pale pale msumarini.

Nyanya nilisahau kweli. Naapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nyanya zinatiwa lini, kwa hiyo sikujua kama ni jambo la kusemwa. Lakini barua yako ilikuja haraka, mama. Tangu Desemba nilikuwa na nusu ukurasa wa kwamba umefika, na nilikwenda kwa karani Ijumaa tisa nikarudi mikono mitupu. Halafu maharage yakagoma, nikapata kurasa mbili. Mlangoni pa Mrefu kuna giza, Shangazi anatafuna mkate, nikaona kila kitu kama niko humo chumbani. Nikajisemea, kumbe. Kumbe huyu mtoto akikwama anaandika.

Maji ya kabichi niliyaacha kwa makusudi. Nilijiambia, haina neno, watakunywa uji, watacheka, ataniuliza. Na la kufunika nalo niliacha kwa makusudi. Kalamu ilikuwa mkononi, maneno nilikuwa nayo, nikaikunja barua. Niliogopa siku utakayojua kupika. Nilijua ndiyo siku ya barua ya mwisho.

Nimelisha watoto wa watu miaka yote ile na nilikuwa nikisema mtoto hachezewi chakula. Nimekuja kukichezea cha wangu. Kidole cha yule binti kiko mbele ya macho yangu kila nikishika kijiko. Mwambie mimi ndiye niliyekichoma. Usimwambie uzee.

Ndani ya furushi hili kuna daftari. Nimeliandika wiki nne, fundi viatu alikuwa ananiuliza maswali ya kijinga makusudi ili nisiruke kitu. Kila pishi la bei ndogo ninalolijua liko humo, limegawanywa kwa watu watatu na kwa mtu mmoja. Kiasi cha maji, lini chumvi, lini nyanya, lini kufunika na lini kuacha wazi, namna ya kujua mkaa unatosha kwa kuweka kiganja juu yake, mboga gani sokoni jioni inauzwa nusu bei na bado ni nzima. Mifupa ya supu, ichemshwe mara ngapi kabla hujaitupa. Mkate uliokauka ufanywe nini. Sikuacha kitu. Kama kuna pengo, ni la ujinga wangu, si la hila.

Sasa unajua yote ninayoyajua. Huna haja ya kuniuliza tena, na hilo ndilo lililokuwa sawa tangu mwanzo.

Baba yako anayekupenda


23 Agosti

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Sisi wazima. Kidole cha Mrefu kimepona, kimebaki na kovu dogo na anakitumia kuombea ruhusa. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Baba yangu mimi anaandika akitaka fedha tu." Usijione umesamehewa sana lakini, anasema siku akikuona utamlipa kwa sufuria nzima ya wali, na uwe wali, usiwe uji.

Mimi nilikasirika. Sitakudanganya. Daftari lilipofika nililitupia chini ya kitanda likakaa huko wiki mbili. Nilikuwa najipikia kwenye kisufuria cha mtumba kisicho na mfuniko, na chenyewe kimebonyea upande mmoja. Siku za kwanza nilikula mkate. Kisha nikajifunza peke yangu, kwa kuunguza. Kikombe kimoja cha dengu nilikuwa nakifanya siku mbili. Nilijua mkaa vipande sita unatosha. Nilijifunza kula nimeketi, maana ukila umesimama mwenyewe unajihurumia.

Jumapili moja mvua ilinifungia ndani, nikalitoa. Nikapika dengu na viazi ukurasa wa kumi na moja, hatua kwa hatua. Shangazi alikuwa kitandani kajigeuzia ukutani. Akanusa. Akageuka. Akaja akasimama nyuma yangu akauliza, "Leo umetia nini?" Nikamwambia, "Leo nimetia kila kitu." Tulikula watatu kutoka kile kisufuria kibovu, na Jumatatu nikachanga kama zamani.

Nilipoonja kijiko cha kwanza ilikuwa ladha yako hasa. Ile ya dirishani. Nikatoka nje kwenye karo la kufulia nikalia na mvua inaninyeshea, Mrefu akaja kunishikia mwavuli na sahani yake mkononi, hakuiacha.

Nina mambo mawili ya kukwambia. La kwanza: nimelisoma daftari lote, mara tatu, nikitafuta kipande ulichokiacha. Sikukiona. Nilitaka kukiona, baba. Nilipofika ukurasa wa mwisho na hakuna kinachokosekana, nilihisi kama umenifungia mlango.

La pili ni zito zaidi. Nimezisoma tena kichwani barua zangu mwenyewe, kama ninavyokumbuka nilivyoziandika. Nilikuwa nakujia kama mtu anavyokwenda dukani. Anasalimia mlangoni, anataja anachotaka, anachukua, anaondoka. Nimekuuliza mgongo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza. Wewe uliniuliza Mei, unakula nini. Maneno mawili peke yake kwenye mstari. Mimi sijawahi kukuuliza hilo hata siku moja, tangu nizaliwe, kwa kuwa mpishi nilidhani hana njaa.

Likizo nimeomba, nimepewa siku nne za Desemba. Siku moja na nusu ni za njiani kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi. Inabaki siku moja. Nitakuja kwa hiyo hiyo.

Leo sina swali la mapishi. Nina hili tu: leo umekula nini, na umekula na nani? Nimekukumbuka mpaka inauma, baba.

Mwanao,
Kidomo


1 Septemba

Kidomo mama, marahaba. Marahaba tena.

Mgongo unauma. Safari hii nakujibu kwa sababu umeuliza.

Nimekaa na swali lako siku mbili. Nilitaka kukuandikia dengu, au samaki, nikachana karatasi. Tulikubaliana ukweli. Juzi nimekula mkate na chai. Jana mkate na chai. Nakula kwenye kibanda cha fundi viatu, yeye anakuja na mkate, mimi nakuja na sukari. Tangu ile asubuhi ya Desemba uliyoondoka sijawasha jiko. Majivu ya uji wako wa safari bado yamo. Mapishi yote niliyokuandikia nimeyaandika kutoka kichwani, kwenye nyumba ambayo haitoi moshi.

Si kwamba sina. Pensheni inatosha mtu mmoja. Ila nikisimama mbele ya jiko najikuta sijui pa kuanzia. Mia nne nilikuwa najua. Wawili nilikuwa najua, tena wawili ndio nilioupenda zaidi upishi wao, maana nikitoka shuleni nimechoka nilikuwa nakupikia wewe na sichoki. Mmoja sikuwahi. Kwenye daftari nimeandika "kwa mtu mmoja" kila ukurasa, lakini zile ni hesabu za penseli, mama. Sijawahi kupika hata moja. Nimekufundisha kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui.

Wewe umeshakijua. Wiki zile nilizokutoa kwenye sufuria ulijipikia, ukala, ukaketi. Kwa hiyo leo mimi ndiye mwenye swali. Kikombe kimoja cha dengu, maji kiasi gani? Vile vipande sita vya mkaa unavipangaje? Na hilo la kuketi, unaketi unaangalia wapi?

Jivu nimelizoa leo asubuhi. Mkaa nimenunua. Niko hapa nasubiri barua yako ndipo niwashe.

Niandikie hatua zote, na usiruke kitu, maana mpaka Desemba bado ni mbali na nina njaa.

Baba yako